Siku Mama Mkubwa Alipopanda Mnara wa Kengele

Mimi ni mwalimu hapa Arua, na kwa miaka kadhaa nimesahihisha insha za watoto waliopelekwa kuona mnara wa kengele wa misheni ya zamani. Insha zote ni moja. Mtoto anaamka mapema, anaoga, anapanda ngazi, anaona mji wote, anafurahi sana, anarudi nyumbani amechoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kwamba ngazi zinanuka mavi ya popo, au kwamba ukifika juu kinachoonekana zaidi ni mabati. Sijui nani huwafundisha watoto kusema uongo kwa adabu namna hiyo. Labda ni sisi walimu.

Mnara wenyewe ni wa matofali mekundu. Uko juu ya kilima nje kidogo ya mji, ubavuni mwa kanisa walilojenga wamisionari enzi za wakoloni. Kwa muda mrefu ulikuwa mali ya popo, njiwa, na wapenzi wasio na mahali pengine pa kwenda. Kisha Arua ikapewa cheo cha jiji, na watu wa jiji wanahitaji kitu cha kuwaonyesha wageni. Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikaamua. Wakapaka chokaa upande unaoonekana kutoka barabarani, na upande huo tu. Wakafunga vyuma vya kushikilia kwenye ngazi. Wakasimamisha bango lenye neno "historia" kwa herufi kubwa, na chini yake wakamweka bwana mmoja wa makamo mwenye fulana ya rangi ya machungwa, awe kiongozi wa watalii. Watalii ni sisi sisi wa hapa.

Kengele haipigwi. Ilisemekana kwamba ikipigwa mnara utatikisika, kwa hiyo kamati ikanunua kipaza sauti, ikakifunga dirishani kwa waya, na kila saa ya sala kinatoa mlio wa kengele iliyorekodiwa sijui nchi gani. Kengele ya kweli inaning'inia pale pale, imejaa vumbi. Watu wanatoka mbali kuja kuitazama.

Mimi sikuwa na haja ya kupanda huko. Aliyenipandisha ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anafanya kazi Kampala katika kampuni inayozungusha wageni. Kaka ni mtu ambaye akiona mti hauoni mpaka ameupiga picha. Alikuja kwao Koboko likizo, akanipigia simu siku hiyo hiyo, akasema ana wazo. Alitaka kuwapeleka wazazi wake juu ya mnara, wasimame pamoja wakitazama mji, yeye awapige picha, aiweke kwenye ukurasa wake ili wageni wajue kwamba yeye ni mtu mwenye asili.

"Mama hajawahi kuona Arua vizuri," aliniambia. "Fikiria, dada. Umri wote huo."

Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa jambo la kuwekwa kwenye ukurasa wowote. Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na anakaa Ludara, mashambani huko wilaya ya Koboko. Arua alikuwa ameingia mara mbili tu. Mara ya kwanza aliletwa hospitali akiwa amelazwa nyuma ya pikapu, homa imempanda kichwani, akaona mawingu tu. Mara ya pili alikuja kumzika mama hapa Pajulu, ukingoni mwa mji, jioni, ndani ya lori lililofunikwa turubai, akiwa katikati ya waombolezaji. Nilipomwalika baadaye aje apumzike kwangu, jibu lake lilikuwa lile lile: nani atabaki na kuku, nani atapalilia, nani atampikia mzee akirudi.

Mzee akirudi. Hapo ndipo penyewe.

Baba Mkubwa, mume wake, alikuwa askari katika ujana wake. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka, yeye na mkewe walikimbilia ng'ambo ya mpaka pamoja na nusu ya Koboko, wakakaa huko miaka, na waliporudi yeye alirudi na koti la kaki, Kiswahili cha kambini, na jina la Afande. Shamba alilikuta limeota kichaka. Mama Mkubwa alikifyeka. Baba Mkubwa alisema yeye ataingia kwenye biashara. Biashara gani, hatukuelewa vizuri. Mwaka mmoja ilikuwa tumbaku, mwaka mwingine vipuri vya baiskeli, mwingine nguo za mitumba. Tulichoelewa ni kwamba kila wiki alipanda gari la Arua na mfuko wake, na alirudi baada ya siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, bila tumbaku, bila vipuri, bila nguo. Akiulizwa amekawia wapi, alikuwa na maelezo ambayo watoto wake wote wanaweza kuyasema kwa kuiga sauti yake: "Arua si Koboko. Arua iko kubwa. Mutu akiingia, kutoka si leo."

Sisi sote tulijua ana mwanamke Arua. Hakuna aliyetuambia, tulijua tu, kama watu wanavyojua mambo ya namna hiyo. Mama yangu alikufa akiamini hivyo. Na kilichotuudhi si mwanamke. Baba Mkubwa ni Mwislamu, dini yake ingemruhusu kumwoa waziwazi, amlete nyumbani, wapeane salamu na Mama Mkubwa kama watu wazima. Kilichotuudhi ni woga. Mtu anavaa koti la jeshi kila siku ya Mungu halafu hawezi kumwambia mkewe neno moja. Mimi ninayekaa Pajulu, karibu na mji, nilimtafuta huyo mwanamke kwa macho miaka mingi, sokoni, kwenye vituo vya magari, bila kumpata. Nikadhani Baba Mkubwa ni mjanja kuliko anavyoonekana. Hilo lilikuwa kosa la kumheshimu kupita kiasi.

Basi Jumamosi hiyo walifika kwangu asubuhi kwa gari la kaka. Kaka alikuwa na miwani myeusi. Baba Mkubwa alikuwa na koti lake, limepigwa pasi. Mama Mkubwa alikuwa na kitenge kipya alichopewa na mwanawe kwa ajili ya picha, chenye ndege wakubwa wa bluu, na alikaa ndani yake kama mgeni, akiogopa kukichafua. Alinishushia mfuko wa karanga na kopo la simsim ya kusaga, ambayo wengine huiita ufuta. Tukanywa chai, tukaenda kilimani.

Yule bwana wa fulana ya machungwa alitupokea kwa Kiingereza. Alipoona Mama Mkubwa anamtazama mdomo tu, akahamia Kiswahili na kuanza historia. Kengele ilitoka Ulaya kwa meli. Kutoka kwenye meli ikapanda treni. Kutoka kwenye treni ikabebwa na wapagazi. Ilipolia mara ya kwanza, tembo walikimbia wakavuka mpaka, wakaingia Kongo, na hawajarudi hadi leo. Machifu watatu walibatizwa kwa ajili ya sauti ile tu. Alisema haya yote akiwa amefumba macho kama anayesali. Mimi nimezaliwa hapa, bibi yangu alizaliwa hapa, na tembo tuliosikia habari zao walimalizwa kwa bunduki.

Alipomaliza, aliuliza kama kuna swali.

"Choo iko wapi?" Mama Mkubwa aliuliza.

Alionyeshwa. Tulipokuwa tukimngoja, Baba Mkubwa aliutazama mnara kutoka chini hadi juu, polepole. Mama Mkubwa aliporudi, mumewe alikuwa tayari amepata dini.

"Mimi nafikiri hii si sawa," alisema. "Mwislamu kupanda mnara ya kanisa. Watu wa msikiti wakisikia, itakuwa namna gani?"

"Siku ya kuzika rafiki yako wa Abuku ulikaa kanisani mbele kabisa," mkewe alimjibu. "Wali ya padri ulikula."

"Ile ilikuwa msiba."

"Basi kaa."

Angekaa. Lakini lilikuja kundi la akina mama wa kwaya wenye sare za zambarau, mmoja wao akamsalimu, "Afande, unatangulia?" na Baba Mkubwa akatangulia. Maisha yake yote yako ndani ya tendo hilo.

Ngazi ni za mbao, zinazunguka ndani ya giza, na kweli zinanuka. Mama Mkubwa alivua kandambili zake ili azishike mbao vizuri kwa nyayo. Kaka alipanda kinyumenyume akimpiga picha. Tulipofika kwenye kituo cha katikati, penye dirisha dogo la kwanza, tulimkuta Baba Mkubwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Nitangoja hapa," alisema. "Nitachunga vitu."

"Vitu gani?" kaka aliuliza.

Baba Mkubwa alitazama huku na huku, akanyoosha mkono, akazichukua kandambili mkononi mwa mkewe. "Hizi," alisema.

Tukamwacha na kandambili.

Juu, kengele iko katikati, imezungushiwa uzio wa mbao, na pande zote nne kuna madirisha makubwa yasiyo na vioo. Upepo ulikuwa mwingi. Nitakuwa mkweli kuhusu kile kinachoonekana, kwa faida ya wanafunzi wangu. Kuna mabati yenye kutu na mabati mapya. Kuna maghorofa machache ya vioo vya bluu, mengi hayajaisha, yametoa nondo juu kama nywele za mtu aliyeshtuka. Kuna minara mingi ya simu kuliko minara ya Mungu. Kuna soko, uwanja wa ndege, uwanja wa gofu ambao sijapata kumjua mtu anayecheza hapo, vilima vya Kongo upande wa magharibi, na vumbi la barabara. Halafu mji unakwisha. Unakwisha kabisa, ghafla, na mihogo inaanza. Hilo ndilo jiji letu. Bwana wa fulana alinyoosha mkono wake kama aliyeliumba, akasema, "Karibuni kuona Arua yote."

Mama Mkubwa alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili na kutazama. Kaka, akirekodi kwa simu, alimwomba ageuke kidogo, atabasamu. Hakugeuka. Alitazama dirisha moja, akaenda la pili, la tatu, la nne, akarudi la kwanza. Nilidhani kizunguzungu kimemshika.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, mama," kiongozi alisema kwa fahari.

"Hakuna ingine nyuma ya hii?"

"Nyuma ya hii ni mashamba, mama."

"Soko iko wapi?"

Akamwonyesha.

"Na pahali ya magari ya Koboko?"

Akamwonyesha. Mama Mkubwa alifuata kidole chake kwa makini. Kutoka sokoni hadi kituo cha magari, kwa macho, ni kama kutoka jikoni hadi kisimani. Aliuliza msikiti uko wapi, hospitali aliyolazwa iko wapi, barabara ya kwenda nyumbani ni ipi. Barabara ilionekana vizuri, lami nyeusi, inaelekea kaskazini, na magari yakienda juu yake bila shida yoyote. Aliitazama muda mrefu. Kisha alinyoosha mkono mbele ya uso wake, kiganja wazi, akafumba jicho moja kama anayepima kitambaa. Mji ukafunikwa. Akatoa mkono, akarudisha tena.

Sijawahi kumwona amekasirika. Yeye ni mtu wa kunyamaza, na katika familia yetu tuliuita ukimya huo uvumilivu kwa sababu ulitufaa. Lakini nilimwona wakati ule akivuta pumzi puani, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mwanangu," aliniambia, "mwite baba yenu."

Nilikwenda kwenye tundu la ngazi, nikamwita. Akajibu kutoka gizani kwamba analinda vitu. Mama Mkubwa mwenyewe alikuja, akainama juu ya tundu.

"Baba yao. Kuja juu."

Alikuja. Alipanda kwa magoti na viganja, kandambili za mkewe zikiwa zimebanwa kwapani, macho ameyakodoa kwenye mbao zilizo mbele ya pua yake. Kaka alianza kurekodi tena kwa simu. Baba Mkubwa alipotokeza kichwa sakafuni, aliukumbatia uzio wa kengele na kubaki hapo amepiga magoti. Wakati huo huo saa ya sala ikafika, na kile kipaza sauti kilicho dirishani kikalia kengele yake ya kukodi, kwa nguvu zote. Baba Mkubwa alijitupa chini kifudifudi, mikono juu ya kichwa.

Kaka alicheka. Mimi pia nilicheka, na akina mama wa kwaya waliokuwa wakifika juu walicheka. Mama Mkubwa peke yake hakucheka. Alimngoja hadi mlio ukaisha, akamshika kwapa, akamwinua, akamsimamisha dirishani kama mtu anayesimamisha mganda wa simsim.

"Tazama," alisema. "Hii ndiyo Arua?"

"Ndiyo."

"Mutu akiingia, kutoka si leo?"

Baba Mkubwa alikuwa amefumba macho.

"Fungua macho. Mimi siulizi kwa ugomvi. Nyumba yake iko wapi?"

"Nyumba ya nani?"

"Ya mke yako ya hapa. Nataka kuona paa tu."

Akina mama wa kwaya walisogea karibu bila aibu. Kaka alikuwa bado ameinua simu. Mama yake, bila kumtazama, alisema, "Weka hiyo chini," naye akaiweka.

"Hakuna mke," Baba Mkubwa alisema.

"Sema tu. Mimi najua miaka mingi."

"Haki ya Mungu, hakuna mwanamke. Hakuna hata siku moja."

"Basi ulikuwa unalala wapi?"

Alinyoosha kidole, mkono mwingine bado umekamata kizingiti. Karibu na soko palikuwa na safu ya maduka ya zamani, mabati yamekuwa mekundu. "Pale. Duka ya rafiki yangu. Nyuma yake iko chumba. Sisi wazee wa jeshi tunakaa pale. Tunacheza mweso. Tunaongea."

"Siku tatu?"

"Maneno iko mengi."

"Na biashara?"

"Biashara ilikufa zamani."

"Na mimi niko Ludara na jembe."

"Kule," alisema Baba Mkubwa, na hapo sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu mwingine, "kule mimi ni mutu wa kulima tu. Hapa wananiita Afande."

Miaka yote ile nilikuwa nimemdharau kwa dhambi ambayo hakuwa na nguvu ya kuitenda. Mwanamke ningemwelewa. Mwanamke angalau anahitaji kutunzwa, kuhongwa, kuogopwa. Huyu alikuwa ameikimbia palizi. Alijificha nyuma ya duka la mtu, akisogeza kete za bao kwenye mashimo, wakati mkewe anawapeleka watoto shule kwa mihogo.

Mama Mkubwa alimwachia kwapa. "Kama ingekuwa mke," alisema, "ningeheshimu."

Alichukua kandambili zake na kushuka. Picha ya familia ikitazama mji wake haikupigwa. Baba Mkubwa alishuka kinyumenyume, kaka akimwelekeza mguu baada ya mguu, na ilichukua muda mrefu hata kiongozi akaanza kuwasimulia kwaya habari za tembo.

Kwenye gari Mama Mkubwa alisema hatarudi nyumbani kabla ya kuliona duka lile. Kaka alianza kusema kwamba ana miadi. Alipoona hakuna anayemsikiliza, aliwasha gari. Tulifika upesi mno. Nadhani ule upesi ndio uliomuumiza mama yule kuliko yote.

Duka lilikuwa la kuuza kamba, sabuni na betri. Nyuma yake tuliwakuta wazee wanne kwenye mabenchi, wamezunguka ubao wa mweso, na makoti ya kaki yametundikwa misumarini. Walipomwona Baba Mkubwa walisema "Afande" kwa pamoja, bila kuinua vichwa. Walipomwona mwanamke nyuma yake, walisimama wote. Mmoja, mwenye ndevu nyeupe na mguu mbovu, aliuliza huyu ni nani.

"Ni mama ya watoto wangu," Baba Mkubwa alisema.

Yule mzee akakunjua uso. Alipangusa kiti kwa shati lake, akamkaribisha, akaagiza chai. Kisha akasema maneno ambayo bila shaka aliyaona ni ya heshima.

"Mama, ile simsim yako, asante sana. Miaka yote tunakula hapa. Kila wiki Afande anatuletea kopo. Tunasema huyu mwanamke ana mkono mzuri."

Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kupokea kikombe. Alikishika tu. Niliona uso wake ukibadilika, nisijue kwa nini, maana simsim kwangu ilikuwa simsim. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akawashukuru wazee mmoja mmoja, akauliza hali ya watoto wao, akatazama mchezo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baba Mkubwa alisimama mlangoni muda wote, hakuthubutu kukaa kwenye benchi lake mwenyewe.

Alinieleza baadaye, tukiwa wawili, jikoni kwangu Pajulu, kabla hawajaondoka. Lile kopo la kila wiki hakuwa akilitia kwenye mfuko wa mumewe kwa ajili yake. Alilitia kwa ajili ya mwanamke. Tangu zile wiki za mwanzo, alipoamini kwamba mumewe ana nyumba nyingine, alisaga simsim kwa ajili ya nyumba hiyo, akaiweka juu ya nguo za mzee bila kusema neno. Alitaka mwanamke yule ajue kwamba huko Ludara kuna mtu, na kwamba mtu huyo hana ubaya naye. Wakati mwingine, mavuno yakiwa mabaya, watoto walikula mboga bila simsim lakini kopo la Arua lilijaa. Alikuwa amemwazia sura, alisema. Mwanamke mnene kidogo, mcheshi, mwenye kikohozi.

"Kumbe nilikuwa nalisha wazee," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba mumewe ni mtu bure. Nilikuwa nimeandaa maneno, na yalikuwa makali. Lakini alikuwa ameinuka anaosha vikombe, na uso wake haukuomba maneno yangu. Akarudi Koboko jioni ile, amekaa kiti cha mbele cha gari. Baba Mkubwa alikaa nyuma na nusu ya karanga, niliyowarudishia.

Watu wa ukoo waliposikia, waligawanyika. Wengi walicheka mpaka machozi. Wajomba wawili walisema mwanamke hapaswi kumhoji mumewe mbele ya kwaya. Kaka aliikata vipande video yote aliyokuwa ameirekodi, akaweka kwenye ukurasa wake ile sehemu ya mama yake akitazama dirishani kwa mgongo, ndege wa bluu wa kitenge wakionekana vizuri, na chini yake akaandika jambo kuhusu fahari ya mizizi yetu. Watu wengi waliipenda. Sikumwambia lolote, mtu wa aina hiyo huwezi kumtukana, atashukuru.

Mimi nilitarajia mambo makubwa. Nilitarajia Mama Mkubwa atamfukuza, au atahamia kwangu, na nilikwisha kusafisha chumba. Haikuwa hivyo. Wiki iliyofuata Baba Mkubwa alijaza mfuko wake kama kawaida, akausimamisha mlangoni, na mkewe akaupita akienda shambani bila kusema nenda wala baki. Mfuko ulikaa hapo mpaka jua likawa kali. Kisha mzee mwenyewe akazitoa nguo. Sijui ni aibu au ni kopo la simsim kukosekana.

Mama Mkubwa naye alianza kuja Arua. Zamani wanunuzi walimfuata Ludara na kumlalia kwa bei. Sasa analeta simsim na karanga zake mwenyewe sokoni, analala kwangu usiku mmoja, anarudi. Hakuwahi kurudi kwenye mnara wala hajauliza habari zake. Nilimuuliza siku moja kama bado ana hasira na mumewe. Alifikiri kidogo, akasema ana huzuni zaidi kuliko hasira, na akiulizwa huzuni ya nini, atasema ni ya yule mwanamke mwenye kikohozi, maana alikuwa amemzoea.

Nilikwenda Ludara wakati wa mavuno. Baba Mkubwa alikuwa shambani amevaa koti lake la kaki kwenye jua lile, na kila aliyepita njiani alimweleza kwamba anasimamia kazi. Alisimamia vibaya. Miganda aliyoifunga ililegea na kumwaga mbegu chini, Mama Mkubwa akaifungua na kumrudishia aifunge upya, mara ya pili, mara ya tatu, bila kupandisha sauti. Mikono ya mzee ilikuwa na malengelenge, naye alinionyesha moja moja akitaka nimpe pole. Nilimpa pole kwa mdomo.

Alasiri wingu jeusi likatokea upande wa Sudani, na simsim yote ilikuwa bado imeegemezwa nje kwenye miti, imekauka, tayari kupukutika. Mama Mkubwa aliita mara moja tu. Tukakimbia sisi watatu kuvuta turubai, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, na Baba Mkubwa katikati, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.